Shati Lisilo na Mfuko

Mtu wa kwanza kunitaka nimshonee shati lisilo na mfuko alikuwa yeye, na siku ile nilidhani anabania kitambaa. Nikamwambia mfuko wa kifuani hauli kitu, kipande chake hubaki tu mwishoni. Akanitazama kama nimemtukana. "Fundi, nimesema hakuna mfuko," akasema, kisha akakunjua suruali mbili kutoka kwenye gazeti na kunitaka nizibe mifuko yake yote, ya mbele na ya nyuma, kwa uzi wa mara mbili. Wakati huo nilikuwa nimeshabana pini mdomoni, kwa hiyo sikuweza kucheka wala kuuliza. Lakini machale yalinicheza pale pale. Mtu anayeziba mifuko yake anajua ni kitu gani kinaweza kuingia humo, na mimi nilitaka kujua amekijuaje.

Huyo ndiye Mwandishi. Kitaji yote, mtaa wetu hapa Musoma, tulimwita hivyo, wakubwa kwa watoto, na jina lake la kweli sitalitaja kwa sababu mwenyewe alipolisikia linatajwa aligeuka haraka kutazama nani analitaka na kwa nini. Kazi yake ilikuwa kuandika karata. Si mpira, ingawa wanasema alianzia huko, na si siasa. Karata. Palipokuwa na mashindano Musoma, Bunda au Butiama, alikwenda, akasimama mpaka mwisho, na kesho yake asubuhi redio ya pale mjini ikampa dakika zake kabla ya matangazo ya vifo. Watu waliacha uji upoe wakimsikiliza. Wavuvi wa Mwigobero walisema habari zake ni tamu kuliko mechi yenyewe, na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu mezani mtu huona mikono na karata tu, ila yeye alikueleza nani alikuwa na nini, alikificha tangu lini, na alikosea wapi.

Kwa asiyecheza, niseme kidogo. Tunakaa wanne, wawili wawili, na mwenzako anakaa mbele yako. Aina moja ya karata huwa ndiyo turufu, na turufu inakula karata nyingine zote. Ree ya turufu ndiyo baba yao. Kila mtu anaficha zake, na kosa kubwa kuliko yote ni kumpa mwenzako ishara: kukonyeza, kujikuna, kugonga meza. Ukikamatwa unaitwa mwizi, na neno hilo mkoani Mara halisahauliki, maana huku kwetu limezoea kwenda pamoja na ng'ombe.

Sasa fikiria. Sisi wanne kila mmoja anaona mkono wake. Mwandishi, ili aandike, lazima azunguke nyuma ya viti na kutazama mikono yote minne. Yeye peke yake ukumbini anajua kila kitu. Kikohozi chake kimoja kingetosha. Ndiyo maana sikumwamini kamwe, na niliwashangaa watu wengine waliolala usingizi bila kumshuku.

Yeye naye hakumwamini mtu. Alikuja na chupa yake ya chai kutoka nyumbani na hakunywa soda ya mchezaji wala ya ndugu ya mchezaji. Alikataa kupanda bodaboda ya kijana ambaye baba yake alikuwa anacheza siku hiyo; mara moja alitembea kwa miguu toka stendi ya Bunda hadi Kabasa juani kwa ajili hiyo, akafika amelowa jasho na bado akawa wa kwanza. Pakiti ya karata aliifungua mwenyewe, akazinusa, akapitisha kidole gumba pembeni ya kila moja akitafuta alama ya kucha. Kofia zilivuliwa. Simu ziliingia kwenye ndoo. Kule Butiama alimsimamisha mwalimu mmoja katikati ya mchezo, akamtaka avue saa, kwa sababu kioo chake kilikuwa kinapeleka mwanga darini na yeye alitaka kujua mwanga unakwenda kumwambia nani. Mwalimu alikasirika. Mwandishi alimjibu, "Kasirika, Mwalimu, lakini uvue kwanza."

Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na mihogo ukumbini alikatazwa asipite nyuma ya wachezaji. Akazunguka mbali na beseni lake kichwani, akisema kwa sauti ili wote tusikie: "Wewe Mwandishi, siku ukifa utawakagua malaika kama wamekunjaga mbawa vizuri." Watu walicheka mpaka mchezo ukasimama. Mwandishi hakucheka. Aliandika, na kesho yake redioni akalisema neno lile lile, neno kwa neno, na kumsifu mama yule kwa ulimi wake. Alikuwa hivyo. Angekunyima imani yake lakini hakukunyima haki yako.

Hapo ndipo aliponichanganya. Mtu asiyeamini mtu, baiskeli yake ilikuwa ya mtaa mzima, haikufungwa na kufuli hata siku moja. Aliyesema karata ni ulevi hakuweza kupita penye meza bila kusimama. Mwenyewe hakucheza. Nilimuuliza sababu nikiwa nampima mabega, akasema, "Mkono wa mtu mwenye karata unajipenda." Redioni Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama mstari wa chaki, ila akitoka pale mlangoni anarudi kuwa mtu wa huku, "nilikuwaga", "tulisemaga", utadhani sauti ile ya asubuhi aliiazima na kuirudisha.

Na alikuwa na neno lake moja. Washindi wengi aliwasema tu kwamba wameshinda. Lakini mara chache, baada ya mashindano makubwa, alimaliza kwa kusema: "Hawa ni mafundi wa meza." Basi. Waliopewa neno hilo walibadilika hata namna ya kutembea. Kuna mzee wa dagaa aliyepewa zamani, na mpaka leo akikopa dukani watu wanamkopesha.

Mimi na mwenzangu tulishinda Bunda. Tukashinda Butiama. Tukashinda Musoma mjini, mbele ya watu wanaonijua. Asubuhi zote tatu niliweka redio juu ya cherehani nikaizima mashine nimsikilize. "Fundi cherehani wa Kitaji na Masatu seremala wa Kabasa wameshinda." Kimya. Halafu matangazo ya vifo. Neno lile halikuja. Ninaona aibu kusema jinsi nilivyolitaka, mtu mzima mwenye wajukuu, lakini nililitaka. Nilijua sijawahi kumkonyeza Masatu, sijawahi kugonga meza, hata pua ikiwasha niliiacha iwashe. Kama kuna mkono msafi mkoa mzima ulikuwa wangu. Kwa nini basi ananibania? Nani amemwambia nini? Nikaanza kumchunguza.

Masatu hakujali. Masatu ni mtu wa randa na misumari, mkubwa, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Tulipatana mezani kuliko ndugu. Alikuwa na tabia ya kunitazama usoni kabla hajatupa karata, tena kwa utulivu, kama anayepima ubao, na mara nyingi alitupa ile ile niliyokuwa naiomba moyoni. Nilipenda kutazamwa hivyo. Nilijiambia huo ndio urafiki. Nilipomlalamikia habari za Mwandishi alinijibu, "Achana nae, Fundi. Si tunashinda? Sisi tunaelewanaga."

Mke wangu naye alinichoka. Mama Rama ana tabu zake na mimi, kubwa ni kwamba nikiwaza jambo simjibu. "Baba Rama, toa pini ndo uongee na mimi," husema, na mara nyingine namfumbulia mdomo nimwonyeshe hakuna pini yoyote, anacheka, tunaendelea na mambo yetu.

Halafu ikaja fainali ya wilaya zote tatu, Musoma, na zawadi yake ilikuwa ng'ombe dume. Sisi wa msikitini tulikuwa tumeulizana mapema kama hiyo si kamari. Hakuna aliyeweka chochote mezani, ng'ombe alitolewa na wafanyabiashara, kwa hiyo ni zawadi. Alifungwa nje ya dirisha la ukumbi na kila alipolia watu waligeuka kumtazama. Tulikutana na wakulima wawili wa Bugwema, Mafuru na shemeji yake, watu wa pamba na mihogo, viganja kama mbao, maneno machache. Sikuwahi kuwaona mezani kabla ya mwaka ule.

Siku ile niliamua nitamtazama Mwandishi kuliko karata zangu. Nilifika mapema nikamkuta amefika. Alikuwa amekwisha sogeza meza toka dirishani, amefunika kioo cha kabati kwa kanga, amekagua viti kwa kupitisha mkono chini yake. Shati langu lilikuwa mwilini mwake, lile la bluu, limebana kifungo cha shingo, kifuani patupu. Simu yake ilining'inia shingoni kwa kamba. Alipita kila meza akisema maneno yake mdomoni polepole ili asisahau, na kila alipofika nyuma ya mtu alisimama muda ule ule, mguu wa kushoto mbele. Mchana watu walikula wali na sato; yeye alikaa peke yake mlangoni na kiporo chake cha ugali, mgongo ukutani, macho kwenye ndoo ya simu. Nilimsalimia. "Shikamoo, Mwandishi." "Marahaba, Fundi. Umeamkaje kimawazo?" Swali gani hilo? Kwa nini kimawazo? Nililitafuna swali hilo mpaka meza yetu ikaitwa.

Tulikwenda sawa kwa sawa. Mkono wa mwisho nikapata ree ya turufu. Nikaikalisha mkononi, nikingoja. Mafuru alikuwa na karata nono, yenye pointi nyingi, nilijua kwa hesabu za karata zilizokwisha lala, na ilikuwa lazima aitoe, mapema au kwa kuchelewa. Akiitoa naila, na ng'ombe yule anakwenda Kitaji. Mafuru akainua mkono. Karata nono ilikuwa karibu kutoka kwenye vidole vyake, niliuona mgongo wa karata unashuka mezani. Hapo hapo Mwandishi, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega langu, akakohoa.

Mafuru akainua macho. Akatazama upande wangu, juu kidogo. Kitambo kidogo tu. Akairudisha ile karata, akatupa galasa, karata isiyo na thamani yoyote, na ree yangu ikaja kula takataka. Tukashindwa.

Masatu alishika meza kwa mikono yote miwili kama anayetaka kuipima urefu. Nje watu walimfungua ng'ombe. Mimi nilimtazama Mwandishi, naye akanitazama, na naapa alikuwa ananitazama kama mimi ndiye niliyefanya kitu.

Asubuhi redio ilisema Bugwema wameshinda. Kisha sauti ile iliyonyooka ikasema: "Hawa ni mafundi wa meza."

Niliizima redio. Kuanzia siku ile kwangu lilikwisha: alituuza. Kwa nini, sikujua. Labda walimpa nyama, labda shamba, labda ni shemeji wa shemeji. Nilikwenda hadi Bugwema kwa kisingizio cha kununua mihogo, nikauliza huku na huku kama Mwandishi ana ndugu pale. Hakuna aliyemjua ila kwa redio. Hilo nalo lilinitia wasiwasi zaidi, maana mtu anayejulikana na kila mtu hawezi kukosa hata binamu mahali. Masatu aliniambia niache. Aliacha kuja mezani, akasema mgongo unamuuma, na mimi sikupata mwingine wa kukaa mbele yangu.

Mwandishi aliendelea kuniletea vitambaa, na mimi niliendelea kumshonea. Hilo watu hawalielewi. Lakini fundi hafukuzi mteja, na pia, niseme ukweli, nilitaka awe karibu nimwone. Kila nilipompima kifua nilifikiri leo atateleza, atasema neno. Hakuteleza. Alisimama mikono kando, akaniacha nizungushe futi, akanitazama usoni muda wote kwa macho yale yale. Tulikuwa wazee wawili tunaviziana juu ya kipande cha kitambaa, kwa miaka.

Baadaye akaacha kazi. Miguu ilikataa kusimama mchana kutwa, na binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Butiama. Redio ikaweka muziki kwenye dakika zake. Nilifurahi siku mbili tatu, halafu nikagundua sina tena mtu wa kumshuku, na asubuhi zikawa ndefu.

Mwezi uliopita binti yule alinipigia. "Fundi, mzee anakuomba uje na futi yako. Anasema shati." Nikamuuliza kama hakuna mafundi Butiama. "Wapo. Anakutaka wewe." Nilimwambia Mama Rama kwamba mtu huyu anataka kutubu kabla hajafa. Mama Rama akasema, "Au anataka shati."

Nilimkuta uani, kwenye kiti cha plastiki, amekonda, shati langu la zamani likimning'inia. Juani nguo za mjukuu wake zilikuwa kwenye kamba. Binti alileta kigoda na chai, na kwa mara ya kwanza nikamwona Mwandishi akinywa chai iliyomiminwa na mtu mwingine. Tuliulizana habari za nyumbani, mvua, na nani amefariki Kitaji. Kisha akasimama kwa kushika ukuta, akanyoosha mikono. Nikampima.

"Na mfuko," akasema.

Nilidhani sikusikia. "Mfuko?"

"Hapa kifuani. Mkubwa. Nataka niweke miwani, niweke peremende za mjukuu. Nani atanihongaga sasa hivi?"

Futi ilikuwa bado mkononi mwangu. Kama singeuliza pale nisingeuliza tena. "Mwandishi, nikuulize kitu cha zamani. Ile fainali. Ulikohoa."

"Nilikohoa."

"Kwa nini?"

"Vumbi."

"Ukumbi ule ulikuwa na saruji, na ulikuwa umemwagiwa maji asubuhi."

Akakaa polepole. Akanitazama mdomoni, si machoni. Sasa ndipo nilipoligundua hilo: kumbe miaka yote hakuwa akinitazama machoni. "Fundi," akasema, "Mafuru alimtazama nani siku ile?"

"Wewe. Ulikuwa nyuma yangu."

"Nilikuwa juu ya kichwa chako. Alikutazama wewe." Akamwita binti yake alete karata. Binti akazileta, kuukuu, zenye pembe zilizokatika. Mwandishi, ambaye sikuwahi kumwona ameshika mkono wa karata maisha yangu yote, akazichanganya kwa shida na kunigawia sita. "Turufu ni kopa. Tazama zako. Usiseme."

Nikatazama. Ree ya kopa ilikuwa humo.

"Unayo ree," akasema.

"Umebahatisha."

Akanigawia tena. "Hapa huna kitu." Sikuwa na kitu. Tena. "Unayo kubwa, lakini si ree." Nilikuwa na mfalme. Nikatazama nyuma yangu kama kuna kioo; palikuwa na ukuta na ndoo. Nikazikagua karata migongoni, nikapitisha kidole gumba pembeni nikitafuta kucha, kama alivyokuwa akifanya yeye. Zilikuwa safi. Binti yake aliyekuwa amesimama na birika akaanza kucheka, kisha akajizuia.

"Samahani, Fundi. Hata mimi nimeona."

"Umeona nini?"

Akaona haya kusema. Baba yake akasema badala yake. "Unabanaga midomo. Ukipata karata kubwa unaibana hivi, kama umeshika pini, na ikiwa ree unaibana zaidi. Ukiwa huna kitu mdomo unalegea. Wale watu wa Bugwema walikaa na watazamaji Bunda, wakakaa hapa Butiama, wakakutazama mikono mingi mpaka wakaelewa. Kwa macho yao wenyewe. Hawakupewa na mtu. Kwa nini nisingewaita mafundi?"

Nilitaka kucheka. Nikajishika mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyetoa neno baya. "Na wewe ulijua."

"Mwanzo kabisa. Nikisimamaga nyuma ya Masatu nakuona wewe uso. Unabana, na Masatu anakutazama, na Masatu anatupa karata ya kukufaa. Unalegeza, na Masatu anashika mchezo mwenyewe. Mara moja, mara kumi. Nikasema hawa wana ishara. Wezi." Alilisema neno lile bila kulipandisha wala kulishusha. "Lakini mdomo wa mtu si ushahidi. Siwezi kusema redioni fundi wa Kitaji ni mwizi kwa sababu ya midomo yake. Na siwezi kukusifu. Nikakaa kimya na neno langu."

"Mimi sikumpa Masatu ishara. Sijui hata kama nabana."

"Ndo naona sasa," akasema, na sauti yake ikashuka. Alizitazama zile karata mkononi mwangu muda mrefu. "Nilikuita nikitaka uniambie mwenyewe kabla sijafa. Nilidhani utakubali, tucheke, iishe. Kumbe hujui. Mtu anayejua asingejionyesha mara tatu mbele ya mtoto wangu. Miaka yote nimekudhania vibaya, Fundi. Nisamehe hilo."

Nilimsamehe. Ilinitoka haraka kuliko nilivyotegemea, na kifua kikawa chepesi. Nikamwambia basi, neno lile namdai. Ushindi wetu wa Bunda, wa Butiama, wa mjini, mikono yangu ilikuwa misafi na yeye amekubali kwa kinywa chake.

Akatikisa kichwa. "Mikono yako. Mlikuwa wawili." Akaweka kidole kifuani, pale mfuko wake utakapokaa. "Muulize Masatu. Akisema hakuwa anakutazama mdomo, nitaomba gari, nitakwenda redioni na miguu hii mibovu, niliseme neno. Na kabla ya matangazo ya vifo, si baada yake."

Kuhusu kikohozi hakuongeza kitu. Nilimuuliza tena mlangoni, akasema tena vumbi. Sikuamini na mpaka leo siamini. Nadhani alitaka nigeuke, nifumbue mdomo, Mafuru asiweze kuusoma, karata yake ishuke. Au alitaka kuona nani atamtazama nani. Au lilikuwa vumbi.

Nilimpigia Masatu kabla sijafika barabarani. Nilisikia randa yake inakwenda kwenye ubao nyuma ya sauti. Tukasalimiana, nikamuuliza mgongo, akasema mgongo mzima. Nikamuuliza moja kwa moja. "Masatu, mezani, ulikuwa unanitazamaga mdomo?"

Randa ikasimama.

"Kwani kuna nini, Fundi?"

"Nijibu tu."

"Si ulikuwa unanipa?" akasema. "Unabana, najua unayo. Hukunipa?"

"Sikukupa kitu. Sikujua."

Nikasikia mtu pale karakana anamuuliza kitu kuhusu mlango, hakujibiwa. "Fundi, usinitanie," akasema hatimaye, polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumwa. "Mimi nilijuaga tunaiba wote wawili. Wale wa Bugwema walivyotushika nikasema tumepata halali yetu. Ndo maana niliacha. Nilikuwa nakuonea aibu, na wewe kumbe..."

Nilimwambia si kitu. Nikamwambia nitampigia kesho. Nikasimama pale na simu sikioni baada ya kukata, nikiwaona wote watatu: Mwandishi aliyenidhania mwizi, Masatu aliyeiba akidhani naiba naye, na mimi katikati, mtu wa pekee mkoa mzima asiyejua kilichoandikwa usoni pangu.

Jana nilimaliza shati. Kitambaa cha mistari myembamba, mikono mirefu, kola ya kusimama kidogo kwa sababu shingo yake imepungua. Mfuko niliuacha mwisho. Niliukata mkubwa kama alivyotaka, mistari ikapatana na ya kifuani, nikaukunja ukingo. Jumamosi nitampelekea. Hataniuliza Masatu alisema nini. Nitafika uani, nitamwamkia, na atanitazama anapotazama siku zote.

Mama Rama aliweka chai pembeni ya cherehani. "Kwa hiyo atakusema redioni?"

Sikumjibu. Alisubiri, kisha akasema, "Baba Rama, toa pini ndo uongee na mimi."

Nilipandisha mkono mdomoni. Hapakuwa na pini.